Pishi Moja ya Maji

Mada iliyozungumzwa mbele ya vijana baada ya swala ya Alasiri, na kuandikwa upya kwa ajili ya msomaji

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema zinamstahiki Mwenyezi Mungu (S.W.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na sahaba zake. Ama baad.



Kila likiingia kumi la mwisho la Ramadhan kuna neno moja linalozunguka katika kila nyumba ya Waislamu, nalo ni pishi. Mama anauliza, pishi ni kilo ngapi? Baba anauliza, mwaka huu tutoe mchele au unga? Watoto wanahesabiwa mmoja mmoja, hata aliyezaliwa jana, na kila mmoja anatolewa pishi yake ya Zakaatul-Fitri. Hatukisii. Hakuna anayesema, tia tu mkono guniani utoe. Tunapima, kwa sababu hii ni ibada na ibada ina kipimo chake.

Leo nataka tuzungumze juu ya pishi hiyo hiyo, lakini ya maji.

Imepokewa kutoka kwa Anas bin Malik (R.A.), katika Bukhari na Muslim, kwamba Mtume (S.A.W.) alikuwa akitawadha kwa mudi moja ya maji, na akioga kwa pishi moja mpaka mudi tano. Mudi ndiyo kibaba, na vibaba vinne ni pishi. Kwa vyombo vyetu vya leo kibaba hicho ni kama theluthi mbili ya lita, yaani hakijazi hata chupa ya lita moja. Na pishi nzima haifiki lita tatu. Kwa kiasi hicho alikuwa akioga janaba kiumbe bora kuliko wote.

Pengine wasema moyoni, mimi hayatanitosha. Si wewe wa kwanza. Mtu mmoja alimwambia Jabir bin Abdillah (R.A.) maneno hayo hayo, na Jabir akamjibu kuwa kiasi hicho kilimtosha aliyekuwa na nywele nyingi kuliko yeye na aliyekuwa bora kuliko yeye. Sidhani kuna la kuongeza hapo.

Iko hadithi nyingine mashuhuri zaidi tukitaja maji, ile ya kukatazwa israfu hata ukiwa kwenye mto unaopita. Wanavyuoni wamehitilafiana juu ya isnadi yake, na mimi si mtu wa kuwaamua. Lakini hii ya kibaba na pishi haina maneno. Tuishike hii.

HESABU YA MFEREJI

Hebu fanya jaribio hili nyumbani kwako. Weka ndoo chini ya mfereji, utawadhe kama unavyotawadha siku zote, kisha upime maji yaliyoingia ndooni. Mfereji uliofunguliwa barabara hutoa lita tano na zaidi kwa dakika moja. Basi kijana anayeufungua tangu anaosha vitanga vya mikono mpaka mguu wa kushoto, huku anazungumza na mwenzake habari za mpira, hakosi kumwaga lita tano kwa udhu mmoja. Hizo ni zaidi ya vibaba saba vya Mtume.

Sasa tupige hesabu ya msikiti. Tuseme wanaoswali ni watu 200, swala tano, na kila mmoja anatawadha hapo hapo kwa lita tano. Hizo ni lita 5,000 kwa siku, sawa na mitungi 250 ya lita 20. Watu hao hao wakitumia lita moja moja, ambayo bado ni zaidi ya kibaba, ni lita 1,000 tu, yaani mitungi 50. Mitungi 200 imebaki kisimani, kila siku inayopita, na hatujatia tarawehe. Zidisha mitungi hiyo kwa bei ya muuza maji wa mtaani kwako, halafu uniambie kama ni jambo dogo.

MAJI YETU YATOKA WAPI?

Kenya ni katika nchi zinazohesabiwa kuwa na uhaba wa maji. Kipimo kinachotumika duniani ni mita za ujazo 1,000 kwa kila mtu kwa mwaka, na sisi tuko chini yake kwa miaka mingi sasa.

Chukua mji wa Mombasa. Maji yake ya mfereji hayatoki kisiwani hata tone. Yanatoka chemchemi za Mzima huko Tsavo Magharibi, ambako mvua iliyonyesha juu ya vilima vya Chyulu hupenya kwenye mawe ya volkano, ikatembea chini kwa chini, ikatokeza tena kwa wingi. Bomba lililowekwa miaka ya 1950 huyaleta mwendo wa zaidi ya kilomita 200. Yanatoka Baricho, kando ya mto Sabaki. Yanatoka Marere kwenye vilima vya Shimba, na kwenye visima vya Tiwi, Kwale. Kote huko ni mbali, na kote huko kuna wenyeji nao wana kiu.

Kwa hivyo mfereji ukikauka, sote twakimbilia kisimani. Na hapa ndipo ninapotaka usikilize vizuri, kwa sababu watu wengi tunadhani chini ya ardhi kuna bahari ya maji matamu yasiyokwisha.

Maji matamu ya pwani ni mvua iliyopenya kwenye mchanga na mawe ya matumbawe. Maji ya bahari nayo yameingia chini kutoka upande wake. Maji ya chumvi ni mazito kidogo, basi maji matamu huelea juu yake kama samli juu ya mchuzi. Wataalamu wawili wa Ulaya, Badon Ghijben wa Uholanzi na Herzberg wa Ujerumani, waliifanyia hesabu hali hii zaidi ya miaka 100 iliyopita. Wakaona kwamba kwa kila mita moja ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari, kuna kama mita 40 za maji matamu chini ya usawa huo. Ukisikia hivyo utafurahi, lakini geuza upande wa pili. Maji ya kisimani yakishuka mita moja na yakabaki hapo, chumvi kule chini inakuja juu kama mita 40.

Na pampu kubwa ikivuta kwa nguvu mahali pamoja, chumvi hupandishwa moja kwa moja chini ya kisima, mfano wa dafu unalolinyonya kwa mrija. Ndiyo maana unaambiwa, kisima cha mzee fulani kilikuwa kitamu, leo hata chai hakipiki. Hakuna aliyekiroga kisima. Ni hesabu iliyofanya kazi yake. Na kisima kikishaingia chumvi hakirudi kwa wiki moja. Huenda kikataka miaka ya mvua nzuri na kupumzishwa.

JOTO LIMEZIDI, NA MVUA IMEBADILIKA

Dunia inapata joto kwa sababu ya moshi wa mafuta na makaa yanayochomwa, na zaidi na nchi tajiri kuliko sisi. Joto hilo linatufikia kwa njia ya maji. Kila nyuzi moja ya joto inapoongezeka, hewa inaweza kubeba mvuke zaidi kwa kiasi cha asilimia 7. Maana yake ardhi inanyonywa unyevu haraka zaidi siku za jua, na mvua ikija inaweza kumwagika yote kwa mpigo mmoja.

Tumeyaona kwa macho yetu. Kuanzia mwisho wa mwaka 2020 mpaka mwisho wa 2022, misimu mitano ya mvua ilifeli mfululizo katika Pembe ya Afrika, na Kenya ya kaskazini na mashariki ikiwemo. Ng'ombe, mbuzi na hata ngamia walikufa Garissa, Wajir, Marsabit na Tana River. Wataalamu wa kundi la World Weather Attribution walisema mwaka 2023 kwamba kuongezeka kwa joto kulifanya uwezekano wa ukame ule uwe mkubwa mara 100 kuliko ambavyo ungekuwa. Kisha mwisho wa 2023 na tena Aprili na Mei 2024 kukaja mafuriko yaliyobomoa nyumba na barabara. Ukame, kisha gharika! Na maji mengi ya mvua ya gharika yanapita juu yakikimbilia baharini kabla ardhi haijayameza.

Juu ya hayo usawa wa bahari wenyewe unapanda, na unaisukuma ile chumvi ndani zaidi. Hata Ramadhan yetu ya miaka hii, 2025 na 2026, imeangukia Februari na Machi, mwisho wa kaskazi, jua kali na masika bado. Wakati ambao visima viko chini kabisa ndio wakati misikiti yetu imejaa kabisa.

SADAKA YA KISIMA

Sasa naomba msinielewe vibaya katika hili ninalolisema.

Sisi Waislamu twapenda kuchimba visima, na twapaswa kupenda. Nani asiyejua kisa cha Bwana wetu Uthman bin Affan (R.A.) alipokinunua kisima cha Ruma pale Madina akakifanya wakfu kwa watu wote? Basi mtu akifiwa na mzazi, au akipata riziki nzuri Ughaibuni, la kwanza analofikiria ni kisima. Watu wema wa nchi za Ghuba nao hutuma pesa. Kisima kinachimbwa, kibao kinabandikwa, picha inapigwa, dua inasomwa. Allah awatakabalie wote.

Lakini jiulize. Kikichimbwa kisima cha mashine hatua chache kutoka kisima kingine cha mashine, na vyote vinavuta samli ile ile moja, je, tumeongeza maji au tumeongeza mirija? Na kisima kipya kikivuta kwa nguvu hata cha jirani maskini, anachovuta kwa ndoo na kamba, kikaingia chumvi, tutamwambiaje? Tumwambie kuwa ni sadaka jariya?

Uthman hakuchimba kisima kando ya Ruma kushindana nacho. Alikinunua kilichokuwepo akakiweka wazi kwa wote. Na wanavyuoni wetu wa fiqhi walikiwekea kisima harimu yake, yaani eneo la kukizunguka ambalo mwingine haruhusiwi kuchimba chake akakidhuru. Hukumu hiyo hasa ilikuwa ya ardhi isiyo na mwenyewe, lakini hekima yake haijazeeka. Leo tumebanana, na tena tumeweka vyoo vya shimo hatua chache kutoka visimani, kwenye mawe ya matumbawe yenye matundu kama sifongo. Harimu imekwenda wapi?

Ninachosema ni hiki. Katika zama hizi za joto, mara nyingi sadaka kubwa ya maji si kisima kingine. Ni kukilinda kilichopo na kupima kinachotoka. Haina kibao wala picha, lakini nani amesema Allah anataka picha?

WALIOTUTANGULIA WALIJUA

Ukienda Gede, karibu na Malindi, utaona mji wa Waswahili wa kale uliohamwa kufikia mwanzo wa karne ya 17. Una msikiti mkuu, nyumba za mawe na visima. Mwaka 2024 UNESCO iliuingiza katika urithi wa dunia. James Kirkman, aliyeufukua baada ya vita vikuu vya pili, alikuta kuwa kisima kilicho karibu na Msikiti Mkuu kilikuwa kimechimbwa tena kwenda chini zaidi. Wanahistoria hutaja sababu kadhaa za mji ule kuhamwa, zikiwemo vita, na mojawapo ni kwamba maji ya chini yalipungua. Walichimba zaidi, na bado mji ukahamwa. Ukipita pale, simama kidogo kwenye kisima kile.

Nenda pia visiwa vya Lamu, upande wa Pate, Faza, Kizingitini na Ndau. Huko wazee walijenga jabia, sakafu pana ya kukinga mvua inayoteremka kuelekea tangi lililofunikwa. Watu wa mji wa Lamu nao wanakunywa maji ya visima vilivyoko kwenye vilima vya mchanga vya Shela. Mchanga ule unaonekana kama mahali pa kutembelea watalii tu, kumbe ndio tangi la mji. Anayechota mchanga wake au kujenga juu yake anatoboa tangi la watu.

Na misikiti yetu ya zamani ilikuwa na birika na kata. Unateka kwa kata, unatawadha. Kata ilikuwa kipimo. Mfereji umekuja, kipimo kimeondoka.

HUJASIKIA HABARI YA SERIKALI?

Najua kuna kijana amekaa nyuma anasema, huyu anatuhesabia vibaba vya udhu, mbona hasemi habari ya mabomba yanayovuja? Ana haki. Katiba ya 2010, kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya maji safi na salama ya kutosha. Na ripoti za WASREB, shirika linalosimamia huduma za maji nchini, zimeonyesha kwa miaka mingi kuwa zaidi ya asilimia 40 ya maji yanayotolewa na kampuni za maji hayalipiwi na mtu, kwa sababu ya kuvuja, wizi na mita mbovu. Hiyo ni israfu kubwa kuliko ya udhu wangu na wako, na lazima tuidai haki yetu kwenye mikutano ya kaunti, kwa adabu na bila kuchoka.

Lakini mtu anayedai bomba la mtaa lizibwe huku mfereji wa msikiti wake unadondoka usiku kucha, maneno yake hayana uzito. Tuanze na lililo mkononi mwetu, tupate uso wa kudai lililo mikononi mwa wengine.

TUFANYE NINI?

Kwanza, udhu kwa kipimo. Kila nyumba iweke kopo la lita moja karibu na mahali pa kutawadhia, na watoto wafundishwe nalo. Msikitini, fundi apunguze kasi ya mifereji na abadilishe vipira vilivyokufa. Gharama yake si kubwa.

Pili, maji ya udhu yasiende chooni moja kwa moja. Katika madhehebu yetu ya Imam Shafi maji mustaamal, madamu ni machache, hayatoharishi, lakini yenyewe ni tohara. Basi hayana ubaya kumwagilia minazi na miembe ya msikiti, au kufulizia choo. Yachimbiwe mfereji wake peke yake.

Tatu, tukinge mvua. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ya paa ni lita moja. Mombasa hupata kiasi cha milimita 1,000 kwa mwaka. Paa la madrasa la mita 100 za mraba, hata tukipoteza sehemu moja katika tano, linatupa lita 80,000. Hiyo ni mitungi 4,000! Mvua ya kwanza iache ioshe paa, na tangi lifunikwe mbu wasizaliane. Yanayozidi yaelekezwe kwenye shimo la kokoto mbali na choo, yarudi ardhini.

Nne, vijana tukipime kisima. Funga jiwe kwenye kamba yenye mafundo, ujue maji yako wapi, uandike kwenye daftari kila Ijumaa. Onja, au mkichanga nunueni kijimashine cha kupimia chumvi. Yakianza kushuka au kukolea, pampu ivute kidogo kidogo na kupumzishwa, isivute saa nyingi mfululizo. Kazi hii haitaki shahada ya chuo kikuu, yataka mtu mwaminifu.

Tano, kabla ya sadaka ya kisima kipya, uliza kwanza. Kiko kisima kingapi karibu? Choo kiko wapi? Mamlaka ya Rasilimali za Maji (WRA) imetoa kibali, kama Sheria ya Maji ya 2016 inavyotaka? Pengine ile pesa itafaa zaidi kununua tangi la kukingia mvua, au kutengeneza jabia iliyopasuka. Nayo ni jariya, inshallah.

Mwisho, ndugu yangu, kumbuka mwezi huu unajua kiu ni nini. Tangu alfajiri mpaka magharibi koo linakukumbusha thamani ya tone moja. Lakini wewe una hakika kwamba magharibi ikiingia maji yapo. Yuko mama ambaye magharibi ikiingia ndio kwanza anapanga foleni na mitungi yake. Yuko mtoto ambaye kisima cha kwao kimeingia chumvi na baba yake hana pesa ya kununua matamu. Kila kibaba unachokiacha kisimani kinabaki kwenye ile samli ambayo naye anategemea.

Siku ya mkesha wa Idi utaishika pishi mikononi, upime mchele kwa uangalifu usipunje haki ya maskini. Maji nayo yana haki ya maskini ndani yake. Yapime vivyo hivyo.

Twamwomba Mwenyezi Mungu (S.W.) atuteremshie mvua ya kheri isiyo na madhara, avijaze visima vyetu, awarehemu waliovichimba, na atujaalie tuwe walinzi wake wema. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.